Picha Tisa za Mzee Kashindye

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi nilipoketi na Mzee Kashindye kibarazani kwa binti yake, hapa Kawajense. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Mambo ya wazee nimejisomea mwenyewe. Binti alitaka kujua kama baba yake ameanza kupoteza maneno, kwani kesho yake angeingia pori la Ugalla kurina asali.

Kipimo kamili cha tatizo hilo kina picha nyingi za kutajwa majina. Mimi nilikifupisha, nikachora tisa tu, sita za wanyama wa porini, maana hao ndio ninaowamudu.

Jembe, chungu na mwiko alivitaja mara moja. Nikamwonyesha simba.

"Mwenye pori," alisema.

"Jina lake, mzee?"

"Si nimekwambia?"

Nyoka akamwita kamba, tembo akamwita yule mkubwa, na watatu waliobaki vivyo hivyo. Niliandika sifuri sita kwa kalamu nyekundu, nikamweleza binti kwamba maneno yanampotea baba, asiende. Alilia, kisha akampigia bodaboda na kufuta safari.

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, umewahi kurina asali?"

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana. Anayeingia porini kesho hawataji wanyama leo, wasije wakaitika. Nikirudi nitakutajia wote, hata huyu simba uliyemchora kama mbuzi."

Binti aliacha kulia, akanitazama. Bodaboda alikuwa ameshapata abiria mwingine na hakurudisha malipo ya awali. Nilimfidia binti mimi: shilingi elfu ishirini na tano.