Vipuri vya Bi Koili

Wateja walimwita Bi Koili kwa sababu kazi yake ilikuwa kusuka upya koili, zile nyaya za shaba ndani ya mota zilizoungua, na hakuwahi kutupa kitu. Miaka thelathini na moja kibanda ni kile kile, ukuta mmoja na kinyozi. Feni mbovu, blenda, pampu za maji, vyote vilirundikwa kwa mpango anaoujua yeye peke yake. Ukimletea feni iliyokwama, mkono unakwenda nyuma bila hata kutazama, unachomoa kipuri kwenye feni iliyokufa zamani, na yako inazunguka. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba amefungua mochwari.

"Mochwari gani," alikuwa akimjibu, "ambayo watu wanatoka wakitembea?"

Basi wakaja watu wa mradi mmoja wa mazingira. Uchumi wa mzunguko, wakasema: kitu kisitupwe, kitumike tena na tena. Bi Koili akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe miaka yote hiyo yeye alikuwa akifanya nini? Afisa wao, kijana mpole mwenye kadi shingoni, akasema ndiyo maana wanamhitaji. Akamwomba atoe vitu vyake nje vipimwe, ijulikane ameokoa kilo ngapi zisiende jalalani. Kisha aende semina.

Hapo ndipo alipojiponza. Mtu asiyemruhusu hata mwanawe wa kumzaa kusogeza kopo la skrubu, alivitoa vyote nje kwa mikono yake mwenyewe, siku mbili mgongo ukimuuma. Alitaka kusikia hizo kilo zikitajwa mbele za watu. Alitaka, mara moja tu maishani, kazi yake ijulikane.

Kwenye semina akaonyeshwa mchoro wa mishale inayozunguka, akapewa biskuti. Aliporudi, mbele ya kibanda palikuwa peupe.

"Lori la mradi limebeba, dada," kinyozi akamwambia. "Niliwaambia vina mwenyewe, wakanionyesha karatasi. Imeandikwa taka."

Hakulia. Alikwenda kwa miguu hadi yadi ya mradi, akakuta mashine ya kusaga inanguruma na nusu ya vitu vyake vimeshakuwa chengachenga. Hakumsalimia mtu. Alizima swichi ukutani, akapanda juu ya rundo lililobaki, akakaa.

Afisa akaja mbio. "Mama, shuka, tafadhali. Vimeshaingia kwenye ripoti kama taka. Sina uwezo wa kuvitoa."

"Ni vipuri."

"Naelewa, mama, lakini..."

"Huelewi. Ungeelewa usingevisaga." Akainua feni moja isiyo na mapanga. "Hii peke yake imefufua feni sita. Hizo chenga zako zinakwenda wapi?"

"Zinasafirishwa nje. Kule zinatumika kutengenezea vitu vipya."

"Halafu?"

"Halafu vinaletwa huku, vinauzwa."

"Na vikiharibika, anavitengeneza nani? Na kwa vipuri gani?"

Afisa akatazama karatasi zake. Hasira ilimpanda Bi Koili, kuona kijana wa watu anatafuta jibu kwenye karatasi ile ile iliyomwibia.

"Kalamu unayo?" akamuuliza.

"Ninayo, mama."

"Basi uniandike na mimi kuwa taka. Kisha uwashe mashine."

Wafanyakazi wa yadi wakatazamana. Hakuna aliyeisogelea swichi.