Msitu, Kuni na Jani la Isale

Padri mmoja Mfaransa, aliyepita kwetu chini ya Mlima Meru enzi za Wajerumani, alituambia kwamba kwao mbao, kuni na msitu vyote vina neno moja tu: bois, nao hulitamka "bwa". Hata pembe za kulungu, akasema, ni bois. Tulicheka sana. Kwetu kila mti una jina na kazi yake: huu wa nguzo, huu wa mzinga, na ule hauguswi kabisa. Niliwaonea huruma wanawake wa Kifaransa. Unamtuma mtoto kuni, anakuletea msitu.

Kumbe Bwana Misitu, Mjerumani, hakuhitaji hata hilo neno moja. Alinyoosha mkono tu: kuanzia mawe haya kwenda juu, miti yote ni ya serikali. Sijui mlima ulikuwa wa nani kabla hajaamka siku ile. Mume wangu alikuwa amekata nguzo ya nyumba yetu mpya, palepale alipokata baba yake. Askari wakamfunga bomani Arusha, akingojea hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano.

Mimi sikuogopa. Nilichuma jani la isale, nikalipiga fundo. Kwetu ukimpelekea mtu isale, hana budi kukusamehe, hata kama umemuulia ndugu. Nilimkabidhi Bwana Misitu kwa mikono miwili. Akalipokea! Akalinusa, akalisifu, akalitia kwenye glasi ya maji mezani. Nilirudi mbio kuwaambia wakwe zangu kwamba yamekwisha, nasi tukaanza kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kumpokea mume wangu.

Kesho yake mume wangu akachapwa. Nilimkuta hawezi hata kuegemea ukuta. Nilikasirika kuliko nilivyohuzunika: mtu mzima kapokea isale, halafu anapiga!

Tena lile jani lilikuwa limempendeza mno. Akaamuru wafungwa wapande masale, yaani miche ya isale hiyohiyo, kuzunguka boma lote, papendeze. Nilipopeleka chakula nilimkuta mume wangu ameinama anachimba mashimo, mgongo umevimba. Bwana Misitu alikuwa amesimama kando yake na askari wa pwani aliyekuwa akimtafsiria.

"Bwana mkubwa anauliza, yatashika?" askari akasema.

Mume wangu alijinyoosha polepole, akautazama ule mstari wa masale kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwambie yatashika," akasema. "Lakini kwa aliyoyafanya, hayatoshi."