Mwali wa Keza Aliyejitoa Ndani

Watu wa Keza wakianza kuwataja wenye vichwa vigumu katika kata yao, jina la Iradukunda halikosi, na anayelitaja hucheka kwanza. Wacheke tu. Wangekuwa wao, wangekuwa bado wamo uvunguni.

Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akakulia kambini na shangazi yake, kisha mwaka tisini na saba akaolewa na Gidioni, mkulima wa migomba na kahawa hapo Keza, upande wa Tanzania. Padri alifungisha ndoa, pombe ya ndizi ikanywewa, na bibi harusi akawekwa chumba cha ndani kama desturi ya pande zote mbili za mpaka inavyotaka: halimi, hachoti maji, haonekani uani, mpaka ndugu zake waje na vikapu vyao kumtoa.

Hawakuja. Wiki ileile askari walipita vijijini kuwakusanya wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi, walioolewa na wasioolewa. Shangazi hakuruhusiwa kutoka kambini, na Iradukunda akionekana tu, angebebwa kurudishwa huko. Hapo ndipo mama mkwe wake, Esperansia, alipoipa desturi kazi mpya. Kila mgambo aliyefika uani aliambiwa, "Humo ndani mna mwali, hajatolewa. Utaingia wewe?" Mgambo, naye mtoto wa hapohapo, alitazama chini akaondoka.

Hila ilikuwa nzuri, ila haikuwa na mwisho. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, mwali bado yumo, ananenepa kwa ndizi na hasira. Majirani wakaanza kuuliza kama anaatamia mayai.

Washauri hawakukosekana. Salum, mfanyabiashara wa Lusahunga aliyenunua kahawa ya Gidioni, alisema arudi Burundi, atafute pasipoti, kisha mumewe amwite kwa njia ya sheria. Njia safi, alisema. Iradukunda aliposikia alitema mate pembeni. Arudi kwenye vita vilivyomwachia shangazi mmoja tu katika ukoo mzima?

Gidioni naye alikuja na yake. "Nitaenda kambini nijiandikishe Mrundi. Kihangaza chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, nani atanijua? Tutaishi pamoja kwenye hema."

"Umkane baba yako uliyemzika hapo nyuma, ili tule unga wa msaada?" Iradukunda alimjibu kwa uchungu, maana alimpenda. "Mimi nimeolewa na mtu wa Keza. Mkimbizi humu ndani ni mmoja, anatosha."

"Sasa wewe unataka njia gani?"

"Ya mlangoni."

Siku ya gulio alivaa kitenge chake cha harusi, akafungua mlango mchana kweupe. Esperansia aliangusha ungo.

"Mkazamwana! Mwali hajitoi mwenyewe! Utatuletea mkosi!"

"Shikamoo, mama. Mkosi ni kuoza nyumbani kwangu nikiwa hai."

Akakatiza katikati ya gulio. Waliokuwa wakibishania bei ya maharage waligeuza shingo. Gidioni alimfuata akikokota baiskeli, kwanza nyuma kwa aibu, halafu ubavuni kwake. Wakapanda lori la kahawa hadi Ngara mjini, kwenye ofisi ya uhamiaji.

Ofisa aliyewapokea, Bwana Ngeleja, alisoma hati ya ndoa bila haraka.

"Ndoa ni halali," alisema. "Kibali cha mke, uishi kwa mumeo, unaweza kuomba. Lakini wewe ni mkimbizi uliye nje ya kambi. Nikipokea ombi hili, lazima urudishwe kambini leo, usubirie huko, na siwezi kukuahidi jibu. Ungebaki kwako, nisingekujua."

Gidioni alimvuta mkono. "Twende nyumbani," alinong'ona. Chumba kile cha giza, kwa mara ya kwanza, kikamvutia Iradukunda.

"Pokea," alisema. "Ila uandike mke wa Gidioni, wa Keza. Mkinibeba, mnibebe na jina la mume wangu mdomoni mwenu."

Akabebwa. Alilia njia nzima, kwa sababu ubishi haukaushi machozi. Kambini alikataa kuandikwa hana mume, akasimama mbele ya meza hadi foleni ikapiga kelele na karani akasalimu amri. Gidioni alikuja kila baada ya misa ya Jumapili na ndizi zake, wakaongea uzio katikati, huyu huku, yule kule, kama wachumba wanaochungwa. Masika yakapita hivyo. Wapo waliomwambia kwamba ameuza ndoa yake kwa kiburi, na usiku mwingine hata yeye aliamini.

Kibali kilitoka kiangazi. Bwana Ngeleja alimkabidhi mwenyewe.

"Una bahati sana, mama. Wengi hawapati."

"Bahati huokotwa njiani, mzee," alisema Iradukunda. "Mimi nilikuja kudai mume wangu."