Tangi la Samaki Wasioonekana

Miaka ya tisini, baba alirudi nyumbani Boito kutoka Kericho akiwa na tangi la plastiki na samaki wawili wekundu. Mama alitaka la kioo, lakini baba alikataa.

“Na watoto hawa? Kioo kitavunjika kesho!”

Mama akaliosha tangi kwa waya ya kusugulia sufuria. Likajaa mikwaruzo hata samaki hawakuonekana tena.

Jumapili mchungaji alikuja kunywa chai. Baba akamwonyesha tangi kwa fahari. Mchungaji akainama, akatazama sana.

“Mzee, haya ni maziwa?”

“Ni samaki, pasta.”

“Amini tu,” mama akamwambia.

Sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa nje. Jumatatu baba alienda kununua la kioo, na hatukuthubutu kumwuliza kwa nini.