Tulivyolala Mzungu wa Nne

Kila ninaponusa kakao iliyovundikwa, naikumbuka miguu ya msichana nisiyemjua jina. Chumba cha dharura kilikuwa kimefurika na muuguzi alikuwa mmoja, akatulaza kitanda kimoja, mzungu wa nne. Nyayo zake zilinukia kakao, tena zilikuwa za moto kuliko zangu. Mama yangu na baba yake walikuwa wametoka kununua dripu, maana hospitalini zilikuwa zimeisha. Nikamfunika miguu kwa kanga yangu.

“Ndaga,” alinishukuru.

Mvua ya Kyela ikapiga bati. Miguu ikapoa, nikafurahi kwamba homa imemshuka.

Waliporudi, muuguzi alimfunika hadi usoni. Baba yake akamkabidhi mama chupa ya dripu aliyomnunulia bintiye.

“Mtundikieni huyu.”

Kitanda kikawa changu chote. Hadi leo nalala nimekunja miguu.