Vidonge Vichungu vya Mlingotini

Katika miaka ya sabini, nilipokuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo kikuu, ofisi yetu ya Dar es Salaam ilinituma Mlingotini kukagua jaribio la dawa ya matende. Wagonjwa walikuwa wamepigiwa kura: nusu walipewa dawa yenyewe, nusu vidonge vya unga vilivyofanana nayo, na hakuna aliyeambiwa amepata vidonge gani. Mwishowe makundi yote mawili yakaonekana sawa. Daktari msimamizi alikwisha kuandika kwamba dawa haifai. Ningetia saini yangu, dawa isingeletwa tena pwani ile.

"Kura ilikuwa ya haki," daktari alikariri garini tulipopita Kerege, kama alivyokariri tangu tuondoke.

Sikuikataa kura. Nilitaka kujua nani alishuhudia watu wakimeza. Alinitazama kana kwamba nimemtukania wazazi.

Mlingotini tulimkuta bibi mmoja barazani, mguu wake umevimba hata haukuingia kandambili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmetuletea tena?"

"Bado. Vile vya kwanza ulivimeza?"

"Nusu. Vyangu vilikuwa vichungu kama shubiri, vya jirani havina ladha. Tukagawana."

"Si mliambiwa kila mtu ameze vyake?"

"Tuliambiwa. Hata futari tunapelekeana, seuze dawa?"

Jirani, aliyekuwa akikuna nazi, akadakia: "Nami nikadhani ananikomoa na uchungu wake."

Kila nyumba tuliyobisha hodi ilitupa habari ileile. Daktari akanung'unika kwamba kosa ni la wanakijiji. Hapo uvumilivu ulinitoka. Wataalamu wazima walihangaika kufananisha rangi na umbo la vidonge, asiwepo hata mmoja wa kukiweka kimoja ulimini. Wakaja kwa watu wasiorudisha sahani ya jirani tupu, wala wataalamu wenyewe hawakuuliza sahani hiyo huenda wapi. Walichopima hakikuwa dawa na unga. Kilikuwa nusu ya dawa kwa nusu ya dawa.

Nilimwambia waziwazi kwamba sitii saini. Niliandika kuwa jaribio halikuthibitisha kufaa wala kutofaa, na kwamba lirudiwe kwa vidonge vyenye ladha moja, vimezwe mbele ya shahidi.

Tulipoaga, nilimweleza bibi kwamba dawa itarudi, ila kwa kura ileile. Akaushika mguu wake, akafikiri.

"Vyema, mwanangu. Lakini safari hii leteni vichungu kwa wote, msitusumbue kugawana."