Kikasha Juu ya Kiti cha Nathanieli

Nathanieli alikuwa na kiti kimoja na tabia moja. Kiti kilikuwa cha mbao za msizi, kizito, chenye mikono ya kuegemea. Tabia ilikuwa kutaka kujua nani anapita barabarani bila yeye mwenyewe kuonekana. Ili viwili hivyo vikutane, alikiweka kiti dirishani, na mara kwa mara alitoka na panga kupunguza majani ya migomba iliyosimama kati ya dirisha na barabara ya Kamachumu, hadi ukabaki upenyo mwembamba wa kuchungulia. Majirani waliamini anaihudumia migomba. Mkewe, Ephrasia, hakuwahi kuwasahihisha.

Ephrasia alizaliwa Kanazi, akaolewa Kamachumu, na tangu hapo hajaona sababu ya kurudi Kanazi ila kwa misiba. Anafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, na kwa kuwa Kamachumu ina baridi na shule, kazi haijawahi kumpungukia. Kwenye kwaya ya Kilutheri anaimba sauti ya pili, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane. Alimzalia Nathanieli mtoto mmoja, Mwesiga, ambaye alisoma, akasoma tena, kisha akaishia Denmark kwenye kiwanda cha samaki. Ni safari ndefu kwa mtu aliyezaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, ambako samaki wapo.

Nathanieli alifariki wakati wa mvua, akazikwa kibanjani, kwenye shamba lile lile la nyumbani, nyuma ya mibuni. Mwesiga hakuja. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa mezani kwa ofisa fulani, na angetoka kule asingeruhusiwa kurudi. Kiti kikabaki dirishani. Katika ukoo ule kiti cha marehemu hakikaliwi wala hakisogezwi mpaka mrithi, omusika, akikalie mbele ya wazee. Wageni walikipita kwa upande, kama mtu anavyompita aliyesinzia. Jioni baridi iliposhuka, kiti kilitoa mlio. Mbao hulia hali ya hewa ikibadilika. Ephrasia aliyajua maelezo hayo, aliyakubali, na aliendelea kukisalimia kiti.

Kisha akaja Lwakatare, mdogo wa marehemu. Kibanja chake mwenyewe alikwisha kukiuza kipande kwa kipande mpaka akabaki na mlango na njia ya kuufikia. Enzi za uhai wake Nathanieli alimpokea mdogo wake huyu kwa swali lile lile kila alipobisha hodi: "Lwakatare, umekuja kula au umekuja kusema?" Sasa hapakuwa na wa kuuliza, na Lwakatare aliingia kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

"Shemeji, kiti hiki kinasubiri nini?"

"Kinamsubiri Mwesiga. Naye anasubiri karatasi."

"Hata mimi nasubiri, shemeji waitu. Ukoo unakutana Pasaka. Mrithi asipokaa, nyumba na kibanja nitavishika mimi. Wewe tutakutafutia chumba."

"Chumba wapi?"

"Ndiyo maana nikasema tutakitafuta."

Ephrasia alimpigia mwanawe. "Maawe, usiogope," alisema Mwesiga, "nitakaa kwa video." Suala lilipelekwa kwa mzee Mutalemwa, mkubwa wa ukoo, ambaye haoni vizuri lakini husikia hata asichoambiwa. Alisema uso ukionekana na sauti ikisikika, yeye hana ugomvi na Denmark. "Lakini simrithishi mtu aliyekatika vipande vipande."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Nyumba ile ipo bondeni, imezibwa na migomba pande zote. Chumbani Mwesiga alikuja kama miraba ya rangi ya udongo. Jikoni alikuja sauti tupu, tena sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi. Sebuleni hakuja kabisa. Ephrasia alizunguka nyumba yake na simu mkononi kama anayetafuta kuku, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi inavyoweza kuwa nyumba ya mtu mwingine.

Akamwita Sumaiya, anayetengeneza simu pale senta, mwenyeji wa Bukoba mjini. Sumaiya alileta kikasha cha waifai chenye laini ndani yake. Alikiweka juu ya kabati lenye kioo, mtandao ukagoma. Alikiweka pembeni ya friji, ukagoma zaidi.

"Mama, kioo na bati vinaurudisha. Na hiyo migomba ni maji matupu, mvua ikinyesha inakuwa ukuta."

"Niifyeke?"

"Sijafika huko. Ngoja kwanza tutafute pa kupumulia."

Ephrasia alikwenda jikoni kuchemsha kahawa. Aliporudi, Sumaiya alikuwa amekwisha kukiona kile kiti kitupu dirishani, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza, alikuwa amekiweka kikasha juu yake, katikati, waya umeshuka kwa nyuma. Taa zote zilikuwa kijani.

"Umeshika, mama! Hapa kuna upenyo, unaona mnara kabisa!"

Ephrasia alibaki mlangoni na birika. "Kitoe hapo," alisema.

Sumaiya alikiinua. Taa zikawa nyekundu.

"Tukisogeze kiti basi, tuweke meza ndogo?"

"Kiti hakisogezwi."

Nje mvua ilianza kugonga bati. "Kirudishe," alisema Ephrasia hatimaye, kisha akaongeza kwa Kihaya, akielekea dirishani, maneno ambayo Sumaiya alidhani ni ya kumshukuru yeye.

Siku ya Pasaka wazee walikuja baada ya ibada. Kahawa ya kutafuna ilipitishwa kwenye kikapu kidogo. Lwakatare alikiona kikasha kabla hajaketi.

"Nani amekikalisha hiki? Shemeji, umemrithisha redio?"

"Si redio. Ndicho kinachomleta mtoto."

"Kwa hiyo nyumba ya kaka yangu sasa ni ya kikasha!"

Watu walicheka, hata waliokuwa upande wa Ephrasia. Yeye aliegemeza simu kwenye kikasha, kiooni pakazunguka kiduara, kisha Mwesiga akatokea, mzima, amefuga ndevu. Kicheko kilikatika. Ndevu zilikuwa zimemaliza kazi ambayo umri ulikuwa umeianza: aliyekuwa ameketi pale kitini ni Nathanieli.

"Shikamooni wazee," alisema Mwesiga. Wakaitikia. Halafu picha ikaganda, macho yakiwa yametupwa pembeni kidogo, upande wa barabara. Lwakatare alisimama, uso umemjaa nuru.

"Mmeona? Amekatika. Mimi nasema—"

"Lwakatare," ilisema sauti kutoka kitini, taratibu. "Umekuja kula au umekuja kusema?"

Midomo ya picha haikusogea. Hakuna mtoto wa Kihaya anayemwita baba yake mdogo kwa jina tupu, na Mwesiga alilelewa vizuri. Lwakatare aliketi. Alitazama kahawa iliyokuwa kiganjani mwake kana kwamba ndiyo iliyomuuliza, na hakusema tena mpaka alipoaga.

Mzee Mutalemwa aligonga fimbo sakafuni. "Mimi sioni vizuri," alisema, "lakini mwenye kiti nimemsikia. Amekaa." Ukoo ukaafiki haraka kuliko kawaida yake. Nyumba na kibanja vikabaki vya Mwesiga, na Ephrasia ndani yake.

Jioni ile Mwesiga alipiga tena. "Maawe, nisamehe. Huku mtandao ulikatika mwanzoni kabisa. Niliwaamkia tu, basi. Wamesemaje?"

"Wamekubali," alisema Ephrasia.

Baadaye alimuuliza Sumaiya kama sauti inaweza kuchelewa mtandaoni. Sumaiya alisema inaweza, sana. "Sana kiasi gani?" Sekunde kadhaa, alisema Sumaiya, mtandao ukiwa mbovu mno. Ephrasia alimshukuru. Sumaiya alipojitolea kukipandisha kikasha kwenye mlingoti nje, ili mtandao ufike hadi chumbani, alimshukuru tena na kukataa. Aliihamishia mashine ya kufuma karibu na dirisha.

Karatasi zilitoka mwaka uliofuata, na Mwesiga akaja Krismasi. Alisalimia, akalia kidogo kaburini, akarudi ndani na kusimama mbele ya kiti. Kikasha kilikuwa palepale. Taa zake zilikuwa nyekundu tangu juzi.

"Nikitoe, Maawe, nikae?"

Ephrasia hakuinua macho kwenye sweta. Alisogeza kigoda kwa mguu, mpaka kikawa kando ya kiti.

"Kaa hapa. Lakini kwanza panga liko nyuma ya mlango. Nenda kakate yale majani."

"Mtandao umepungua?"

"Yameziba," alisema mama yake. "Baba yako haoni barabara."